Gongo na majeraha ya vita: Mjamzito wa Kigoma aulizwe, asihukumiwe

KATIKA nyanda za juu za Kigoma, mjamzito anayekunywa pombe huambulia lawama kabla ya msaada. Lawama hizo hazimlindi mtoto aliye tumboni.

Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa. Warundi walivuka mpaka kwa wingi baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Wakongo walifuata mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu, na machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yalisababisha kambi ya Nduta ifunguliwe tena.

Mwaka 2000, shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wanawake katika kambi za mkoa huo walivyobakwa wakitafuta kuni na kupigwa na waume zao. Wenyeji nao hawakusalimika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 40 ya wanawake nchini wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15.

Mwenye majeraha ya namna hiyo anaweza kunywa ili apate usingizi au asahau. Akiwa mjamzito, pombe humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Yaweza kuharibu mimba, kupunguza uzito wa mtoto au kuathiri ubongo wake maisha yote.

Hapo ndipo sheria inapogongana na tiba. Sheria ya mwaka 1966 inaharamisha kutengeneza, kuuza au kukutwa na gongo bila kibali. Mwanamke akikiri kwa muuguzi, huhofu kuwa amejipeleka polisi. Akinyamaza, anakosa msaada. Mraibu akiacha ghafla bila uangalizi anaweza kupata degedege, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mjamzito wa aina hiyo aachishwe akiwa amelazwa.

Kwa heroini, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Gongo haina dawa mbadala ya aina hiyo. Inahitaji ushauri nasaha, kitanda cha wodi na mtu wa kusikiliza yaliyompata mama kabla ya chupa.

Mlango wa kuanzia upo. Utafiti huo wa 2015/16 ulionyesha kuwa wajawazito asilimia 98 walifika kliniki angalau mara moja, lakini asilimia 51 tu walifika mara nne au zaidi. Mwaka 2016, WHO ilielekeza kila mjamzito aulizwe kuhusu pombe mapema na katika kila hudhurio.

Kuuliza wote huondoa aibu, kama ilivyokuwa kwa kipimo cha VVU. Lakini swali hilo linataka faragha, siri na lugha ya staha. Muuguzi akimfokea mama siku ya kwanza, huenda asimwone tena hadi siku ya uchungu.