Nyumba Isiyo na Birika Haijatimia

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu hata Mtwara, masika yanapoteremsha mvua zake, maji huporomoka kutoka juu ya mabati, yakachimba misingi ya nyumba na kufurika vichochoroni, kisha yakaishia baharini. Na ukame unapowadia, wenye nyumba zile zile huungoja mkokoteni wa mchuuzi wa maji, wakalipa fedha kwa kile walichokiacha kipite bure. Mimi naamini, na nalisema bila ya kusita, kuwa nyumba isiyo na birika haijatimia, ijapokuwa ina milango ya nakshi na sakafu ya marumaru.

Wazee wetu walilitambua jambo hili zamani. Katika visiwa vya Lamu, ambako visima vingi hutoa maji ya munyu, watu walijenga majabia, yaani sakafu pana zilizopigwa lipu, zenye mwinamo wa kuyaongoza maji ya mvua mpaka birikani. Na ndani ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, birika la maji ya mvua lingaliko hata leo.

Hesabu yake haina utata. Milimita 1 ya mvua iangukayo juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la meta 60 za mraba mjini Mombasa, ambako mvua ya mwaka ni kadiri ya milimita 1,000, hupokea lita 60,000. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa yanayomwagika na kukauka, zasalia lita 48,000. Jamaa ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, huhitaji lita 120, na paa hilo lawatosha kwa zaidi ya mwaka. Wala si lazima kuyahifadhi yote kwa pamoja: birika la lita 10,000, likijaa mwishoni mwa vuli, litawavusha Januari na Februari, miezi ya kaskazi kavu.

Tena faida haiishii kwa mwenye nyumba. Visima vyetu vikivutwa kupita kiasi, bahari huingia chini kwa chini na kuyatia chumvi maji pepo. Kila ndoo itokayo paani ni ndoo iliyosazwa kisimani kwa ajili ya jirani.

Wako wanaohofu uchafu na mbu, na hofu yao ina haki. Lakini dawa yake yajulikana. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa na kumwagwa, milizamu isafishwe majani, birika lifunikwe sawasawa na matundu yake yawekewe wavu mwembamba, na maji ya kunywa yachemshwe.

Gharama ndiyo kikwazo cha kweli, na hapo ndipo mabaraza ya miji yanapowajibika. Pasitolewe rukhsa ya kujenga jengo la bati au la zege ambalo ramani yake haioneshi milizamu na birika. Skuli na misikiti, kwa kuwa mapaa yao ni mapana, iwe ya kwanza. Na maskini wakopeshwe kwa masharti mepesi, kwani mkopo huo wataulipa kwa fedha ile ile ambayo leo humpa mchuuzi.