Mita moja, wapangaji sita: Nani anamlipia nani umeme?

WAFANYABIASHARA wanaopanga stoo katika majengo ya vyumba vingi huko Tabata, jijini Dar es Salaam, hupatana kodi ya pango hadi shilingi ya mwisho. Likija suala la umeme, mapatano huishia kwenye neno moja: "Tutagawana."

Neno hilo ni ghali kuliko wengi wanavyodhani. Katika jengo lenye mita moja, kugawana sawa kwa sawa maana yake ni kwamba mwenye marobota ya mitumba na taa moja anamlipia jirani mwenye friza za samaki. Hiyo ni ruzuku, na anayeitoa hakuulizwa.

Tabata ni mahali pazuri pa kuweka mali. Barabara ya Mandela inapaunganisha na bandari kwa upande mmoja na Ubungo kwa upande mwingine, na Kariakoo si mbali. Ndiyo sababu godauni lililojengwa kwa ajili ya mpangaji mmoja hukatwa vyumba vinne, sita au kumi. Kuta huongezwa na milango huongezwa. Mita hubaki ile ile moja, kwa jina la mwenye jengo.

Tuchukue mfano wa jengo la wapangaji sita. Wanne wameweka bidhaa kavu, yaani nguo, vyombo na vipuri, na kila mmoja anatumia uniti 25 kwa mwezi. Wa tano ana mashine ya kufungasha nafaka, anatumia uniti 300. Wa sita ana friza, anatumia uniti 800. Jumla ni uniti 1,200.

Kwa bei za EWURA zilizoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2016, uniti moja ya daraja la matumizi ya kawaida, T1, ni Sh. 292. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, inafika Sh. 356.24. Kwa hesabu hiyo umeme wa jengo zima ni Sh. 427,488 kwa mwezi. Wakigawana sawa, kila chumba kinatoa Sh. 71,248.

Mwenye stoo kavu alistahili kulipa Sh. 8,906. Amezidishiwa Sh. 62,342 kwa mwezi mmoja, na kwa mwaka ni Sh. 748,104. Mwenye friza, aliyestahili kulipa Sh. 284,992, amepunguziwa Sh. 213,744 kila mwezi. Hakuna aliyeiba. Ni mpango wenyewe uliohamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Dawa yake inajulikana, nayo ni kila chumba kuwa na mita yake ya LUKU. Kiwango cha TANESCO kilichoanza Januari 2022 kwa mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30, asiyehitaji nguzo, kilikuwa Sh. 320,960 kwa umeme wa njia moja na Sh. 912,014 kwa njia tatu. Kwa mpangaji wa stoo kavu katika mfano huu, Sh. 320,960 inarudi katika muda unaozidi kidogo miezi mitano. Kwa jiji ambalo mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita mbele, fedha hiyo inarudi kabla ya mkataba wa kwanza kwisha. Gharama ya kutenganisha nyaya za ndani ni juu ya hapo, na hutofautiana jengo kwa jengo.

Swali gumu ni nani atoe fedha hiyo. Wenye majengo wengi husema anayetaka mita ajilipie. Hoja hiyo haina uzito. Mpangaji akihama, mita na nyaya hubaki ukutani na kumhudumia mpangaji mwingine. Kwa hiyo vinanufaisha jengo, na mwenye jengo ndiye anayestahili kuvigharamia. Kama hana fedha taslimu, mpangaji atangulize na kukata kidogo kidogo kwenye kodi, kwa maandishi.

Ipo sababu nyingine ambayo haisemwi hadharani. Mita ikiwa moja na ufunguo wake uko kwa mwenye jengo, umeme unageuka kuwa rungu la kudai kodi. Aliyechelewesha pango anazimiwa, na wasiohusika wanazimika pamoja naye. Mwenye jengo anayetegemea rungu hilo ajue kwamba analinda deni la mtu mmoja kwa kuhatarisha mali ya watu watano. Uniti zikiisha Jumamosi usiku na mchangaji mmoja hapokei simu, friza iliyojaa samaki haisubiri Jumatatu.

Baadhi ya majengo yamechagua njia ya kati: mita ndogo za ndani zinazofungwa na fundi nyuma ya mita kubwa. Ni rahisi na zinaonyesha nani ametumia nini, hivyo ni afadhali kuliko kugawana kwa macho. Lakini mwenye mkataba na TANESCO anabaki kuwa mwenye jengo. Yeye ndiye anayesoma namba, anayepanga bei ya uniti na anayekusanya fedha. Mpangaji asipoonyeshwa risiti ya LUKU ya mita kubwa, hawezi kujua kama anauziwa umeme kwa bei aliyonunulia mwenzake au kwa bei ya kuongeza faida.

Kwa upande wa wapangaji nako kuna hofu. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na moja ya malalamiko yao lilikuwa agizo la kusajili stoo. Wapo wanaoona kwamba mita yenye jina la mpangaji ni kidole kinachoielekeza TRA kwenye mlango wa stoo. Hofu hiyo inaeleweka, ila hesabu yake ni mbovu. Mfanyabiashara anayetunza vitabu anahitaji risiti ili gharama ya umeme ihesabiwe kabla ya faida. Asiye na risiti analipa umeme, kisha analipa kodi juu ya fedha aliyolipia umeme. Aidha, mpangaji wa biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Umeme ukifichwa ndani ya pango, zuio linakatwa kwenye fungu lote, na ugomvi na mwenye jengo unaanzia hapo.

Yapo mambo mawili ya kuangalia kabla ya kujaza fomu.

La kwanza ni kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa Sh. 1,000 kwa mwezi kwa jengo la kawaida na Sh. 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapandishwa kuwa Sh. 1,500 na Sh. 7,500. Kodi hiyo ni ya jengo, si ya mita. Jengo likiwa na mita sita, mwenye jengo ahakikishe inakatwa kwenye mita moja tu. Mpangaji aliyekatwa aitunze risiti na kuipunguza kwenye pango.

La pili ni jengo linalotumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, ambalo huingia daraja la T2. Huko, kwa bei za 2016, uniti ni Sh. 195, lakini kuna Sh. 15,004 kwa kila kVA ya mzigo wa juu. Kuligawa jengo la namna hiyo kunaweza kuwapandishia watumiaji wakubwa bei ya uniti. Hapo mita ndogo zenye hesabu ya wazi zinaweza kuwa na faida zaidi. Majengo madogo ya Tabata hayapaswi kujificha nyuma ya hoja hiyo.

Pale fedha haitoshi kutenganisha vyumba vyote kwa mara moja, aanze mwenye mzigo mkubwa. Katika mfano wa hapo juu, friza peke yake ni theluthi mbili ya umeme wote. Ikitolewa kwenye mita ya pamoja, sehemu kubwa ya ugomvi imekwisha, na nyaya za zamani zinapumua. Taa za uani, pampu na chumba cha mlinzi viwe na mita yao, na gharama yake itajwe kwenye mkataba. Kazi ya nyaya apewe mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, si fundi wa kuokota njiani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara anayehesabu kila katoni inayoingia stoo na kila inayotoka hana sababu ya kulipa umeme kwa kukisia. Kabla ya kusaini mkataba mwingine wa miezi sita, aulize mita iko wapi, iko kwa jina la nani, na nani mwingine anaitumia.