Mpunga wa Lumemo unauzwa kabla haujavunwa

Kila mwaka ifikapo Februari, mpunga ukiwa bado mbichi na chakula kikianza kupungua ndani, wafanyabiashara huonekana wakipita kwenye madungu ya wakulima wa Lumemo na kwingineko katika Bonde la Kilombero. Hawaji kununua, maana hakuna cha kununua. Wanakuja kukopesha, na deni hulipwa kwa magunia wakati wa mavuno.

Hesabu ya mkopo huu ni nadra kufanywa. Chukua mfano wa mkulima aliyepewa shilingi 40,000 mwezi Februari kwa ahadi ya gunia moja. Ikiwa mwezi Juni gunia linauzwa shilingi 70,000, huyo amelipa riba ya shilingi 30,000 kwa miezi minne, yaani asilimia 75. Na likiwa gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo na kufungwa kwa kamba, riba inakuwa kubwa zaidi, ingawa taratibu za vipimo haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100.

Si haki kumwita mkopeshaji mwizi. Mto Lumemo ukifurika, fedha yake nayo huenda na maji, na mara nyingi ndiye pekee aliyefika shambani njaa ilipobisha hodi.

Wataalamu hupenda kuanza na mbegu ya SARO 5 na kilimo shadidi. Ushauri ni mzuri. Lakini gunia la ziada la mwenye deni linaishia kwa mdai wake, hivyo fedha ya mbolea haipatikani. Njia inayobaki ni kufyeka eneo jipya, kusogea zaidi ndani ya ardhi oevu ileile iliyoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, yenye mazalia ya samaki na maji ya kiangazi. Deni la Februari linakula bonde lenyewe.

Stakabadhi ghalani, iliyowekewa sheria mwaka 2005, humwezesha mkulima kuhifadhi mpunga na kukopa kwa dhamana yake akisubiri bei ipande. Tatizo ni kwamba inamfaa mwenye mpunga mkononi. Aliyekwisha kuuahidi kwa mwingine hana cha kupeleka ghalani.

Kwa hiyo vikundi vya wakulima vianzie Julai, wakati kila nyumba ina kitu. Kikundi cha watu 30, kila mmoja akiweka gunia moja, kinaingia Februari na magunia 30: mengine ya kukopeshana chakula, gunia kwa gunia bila nyongeza, mengine ya kuuza bei ikiwa juu ili wenye shida wakopeshwe fedha na kurudisha fedha. Maofisa ugavi na ushirika wa halmashauri wasaidie kuandika katiba na daftari. Mizani inunuliwe kwanza, kabla hata ya kufuli la ghala.