Korosho Zimelipwa, Yeye Anataka Gemu

Leo tuongee ishu inayogombanisha wapenzi chini kwa chini, ila wengi wanaona soo kuitaja: mwanaume mzima, ndevu zimeota, anataka kununua kompyuta ya kuchezea gemu. Tena siyo ya kuletewa ikiwa kwenye boksi. Anataka kuiunga mwenyewe, kipande kwa kipande.

Dada zangu najua mshaanza kuguna. Subirini kwanza.

Twendeni kusini, Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, kwa sababu kule pesa ina tabia yake. Korosho zinaokotwa, zinapelekwa ghalani, zinauzwa kwenye minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake ni Ruangwa, Nachingwea na Liwale zikiwa zimeshikana mikono. Msimu unapamba moto kati ya Oktoba na Desemba, na malipo yanaingia benki. Ufuta na mbaazi husaidia katikati ya mwaka, lakini mshiko wa maana ni ule wa korosho. Ukiutumia vibaya Novemba, unasubiri Novemba nyingine. Na hata huo una majaribu yake: mwaka 2018 serikali ilinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo wakulima waliokaa miezi wakisubiri kulipwa.

Sasa tuchukulie kijana anaishi Nachingwea mjini, chumba kimoja cha kupanga. Mchumba wake yuko Ruangwa, anashona. Mjomba wa binti anasubiri posa, na mjomba kule kwa Wamwera siyo mtu wa kumpita pembeni. Hela ya korosho imeingia. Binti anawaza bati, kitanda na posa. Kijana anawaza gemu. Nani anakosea?

Mimi nasema hakuna anayekosea, mpaka mmoja anapoamua kufanya siri.

Tuwe wakweli jamani. Mwanaume akimaliza laki mbili baa kwa mwezi, watu wanasema ndiyo wanaume walivyo. Akitaka kununua kitu kinachomkalisha nyumbani jioni, tunamwita mtoto. Gemu ni burudani kama mpira. Mtu wa Ruangwa anayeshangilia Namungo tangu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019 haitwi mtoto. Kwa hiyo tuache dharau, tuhesabu. Swali siyo kama kijana anaruhusiwa kucheza. Swali ni kiasi gani, lini, na nani anajua.

Anza na dari, halafu ndiyo mashine. Tuseme zimeingia milioni tatu. Kaeni wawili, toeni kwanza posa, kodi ya chumba, dawa ya mikorosho ya msimu ujao na akiba ya ugonjwa. Kinachobaki kigawanywe: chako, changu, chetu. Ikiwa cha kijana ni laki nane, hiyo ndiyo dari. Haiongezwi hata kama Kariakoo wameleta mzigo wa kufa mtu.

Kaka, hapa sasa naongea na wewe. Kwa hela ya mawazo hiyo, usiende kununua vipande vipya vyote. Chukua kompyuta ya mtumba iliyotoka maofisini, zile ndogo nyembamba za Dell OptiPlex au HP EliteDesk zenye herufi SFF. Inakaa juu ya meza bila kumfukuza mtu kitandani. Ndani tayari ina kasha, pawa saplai, ubao mkuu na prosesa, yaani kazi kubwa ya kuunga umeshafanyiwa. Ila usichukue ile ndogo kabisa ya kiganjani, kwa sababu kadi ya grafiki ya kawaida haiingii.

Angalia prosesa iwe ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu, kwa mfano Core i5-8500 yenye viini 6. Kwa nini? Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia kizazi hicho. Utaona mashine za kizazi cha 4 zinauzwa bei ya kutupa, halafu utajikuta umenunua uzee. RAM ianzie GB 8, lakini GB 16 katika vijiti viwili ndiyo raha yenyewe. Kama mashine inakuja na RAM ya kutosha ichukue hivyo hivyo, maana bei za RAM zimepanda sana duniani tangu mwishoni mwa 2025. Diski iwe SSD. Hiyo siyo anasa, ndiyo inayofanya kompyuta iwake kabla chai haijapoa.

Inayofuata ni kadi ya grafiki. Kwenye kasha jembamba inaingia kadi fupi tu, wauzaji wanaiita lo profaili, tena iwe ile isiyohitaji waya wake wa umeme. GTX 1650 fupi ya mwaka 2019 inakula wati 75 na inatosha mtu wa mpira na GTA V. Lakini mwambie muuzaji afungue kasha mbele yako muone kama inaingia, kwani nyingi zinakula nafasi ya matundu mawili, na soma kibandiko cha pawa saplai uone inabeba wati ngapi. Kama haina nguvu, shuka kwenye GT 1030 inayokula wati 30. Hapo napo kuna mtego: GT 1030 ziko za aina mbili, yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4. Ya DDR4 ni mzigo wa konokono. Jina lile lile, mwendo tofauti kabisa.

Na matapeli wapo. Kuna kadi za zamani zinazobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama za kisasa. Dawa yake ni programu ya bure inaitwa GPU-Z. Ibebe kwenye flashi, ifunguliwe dukani hela ikiwa bado mfukoni mwako. Kama muuzaji anakasirika, umeshapata jibu.

Je, laki nane haikufika? Usikope, na usiguse fungu la posa. Jenga kwa awamu kama watu wanavyojenga nyumba. Msimu huu nunua kasha, SSD na UPS. Grafiki ya ndani ya hiyo i5-8500 inacheza GTA San Andreas na gemu nyingi za zamani bila kadi yoyote. Msimu ujao weka kadi. Mwanaume anayeweza kusubiri kadi mwaka mzima ni mwanaume wa kuolewa naye, mimi nawaambia!

UPS nimeitaja makusudi. Umeme ukikatika ghafla au ukirudi kwa kishindo, kinachoumia ni pawa saplai na diski. Weka UPS, na usiweke mashine sakafuni, vumbi jekundu la kusini linaziba feni. Kila mwezi zima, chomoa, fungua, futa kwa brashi laini.

Tuje kwenye LUKU, maana hapa ndipo mama mwenye nyumba anapoanza kununa. Mashine ndogo pamoja na monita tuseme inakula wati 200. Saa tatu kila siku kwa siku 30 ni uniti 18. Lile dubwana kubwa lenye mataa ya rangi likila wati 500, kwa saa hizo hizo ni uniti 45. Mteja mdogo wa TANESCO anapata bei nafuu akiwa ndani ya uniti 75 kwa mwezi. Ongeza friji na pasi, uone nani anawatoa kwenye kundi la nafuu. Kwa hiyo udogo wa mashine haukupi nafasi ya meza tu, kila mwezi unakurudishia hela.

Na bando usilisahau. Gemu la kisasa linaweza kuwa na makumi ya GB. eFootball ni ya bure kucheza, lakini kuishusha kwa bando la simu utalia. Kama unatumia Steam, yule ndugu wa Dar mwenye intaneti nzuri anaweza kukutolea nakala ya mafaili kwenye diski ya nje, ukayarudisha kwenye mashine yako, ukabaki na sehemu ndogo tu ya kushusha.

Kama unaona natilia mkazo sana mambo ya udongo na umeme, waulize wazee wa Nachingwea kuhusu mradi wa karanga. Waingereza walianza mwaka 1947 kule Kongwa, wakaja Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta mengi yaliyobaki vitani, wakajenga na reli kutoka pwani ya Mtwara. Hela ilikuwepo, mashine zilikuwepo. Kilichokosekana ni kuijua ardhi na mvua yake na kuwasikiliza wanaoishi juu yake. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36, na miaka ya sitini hata reli ikang'olewa. Bajeti haiokolewi na ukubwa wa mashine, kaka. Pima kwanza pale unapoishi, na yule unayeishi naye.

Sasa dada, zamu yako. Akija na wazo hili kabla hajanunua, huyo amekuheshimu, usimjibu kwa msonyo. Muulize mambo matatu: Inagharimu kiasi gani mpaka inawaka? Itachezwa saa ngapi? Na ikiwa haichezwi, itafanya nini? Hilo la tatu ni zuri kweli. Kompyuta hiyo hiyo ina nguvu ya kuhariri video za harusi na ngoma, na Nachingwea kuna chuo cha ualimu, wanafunzi wana kazi za kuchapa. Lakini asikudanganye kwamba ni mradi kama siyo mradi. Kama ni starehe, aseme ni starehe, iingie kwenye fungu la starehe. Na wewe fungu lako lisiguswe, uwe unataka cherehani mpya au vitenge vya kuweka sandukuni tu.

Akija nayo imeshanunuliwa, imefichwa kwa rafiki, na risiti imechanwa? Hapo usigombane na kompyuta. Haina kosa. Gombaneni na siri, maana mtu anayeficha kasha la laki nne leo, kesho ataficha shamba. Mwambie waziwazi kwamba hela ya msimu ujao mtaihesabu pamoja kabla haijaingia benki, na mjomba asipeleke neno la harusi mbele mpaka hilo likubalike.

Na kama mmekubaliana vizuri, mwambie akuwekee kiti cha pili na padi ya pili. Kuna wadada wanapiga eFootball hatari, wanafunga mabao mpaka mwanaume anasingizia kaangaliwa vibaya. Mkicheza wawili, zile saa tatu hazina tena mlalamikaji.

Wale mliopo Liwale na kwingineko msijifanye haiwahusu. Kabla mnada haujafunguliwa, chukueni daftari, andikeni dari yenu. Tukutane mwezi ujao.