Brian Clough: Ulimi Uliojenga na Kubomoa

Wapenzi wa kandanda ya Uingereza katika vyuo vyetu ni wengi, pengine wengi kuliko wapenzi wa ushairi, jambo ambalo mwanachama wa chama cha Kiswahili hulikiri kwa shingo upande. Wanamjua Ferguson, wanamjua Wenger, na kuhusu Mourinho wanaweza kukesha wakibishana. Ukiwatajia Brian Clough, aghalabu utaambulia mambo mawili tu: kwamba alijisifu kupita kiasi, na kwamba alikuwa na maneno ya kuchekesha. Hili halistaajabishi. Ligi Kuu tunayoishabikia ilianza mwaka wa 1992, na Clough aliiaga kazi Mei 1993, timu yake ikiwa mkiani mwa msimu ule wa kwanza. Alitoka mlangoni wakati sisi tukiingia. Aliyetufikia ni Clough wa vichekesho, na kwa maoni yangu Clough huyo amewafunika wengine wawili wanaostahili kujulikana zaidi: Clough fundi, na Clough aliyewaumiza watu.

Tuanze na fundi. Alizaliwa Middlesbrough, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mwezi Machi 1935. Akiwa mshambulizi aliifungia klabu ya mji huo, na kisha Sunderland, jumla ya mabao 251 katika mechi 274 za ligi. Wanaosema kwamba majivuno yake hayakuwa na msingi na waitazame hesabu hiyo tena. Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka wa 1962 aligongana na mlinda lango wa Bury, goti likaharibika, na uchezaji wake ukawa umekwisha kabla hajatimiza miaka thelathini. Mtu aliyekatizwa namna hiyo ama hunyamaza ama husema maisha yake yote. Clough alichagua kusema.

Mwaka wa 1965, akiwa na umri wa miaka thelathini, alipewa klabu ya Hartlepools iliyokuwa katika daraja la nne, klabu fukara kiasi kwamba meneja mwenyewe alijifunza kuendesha basi la timu. Alimwita Peter Taylor, mlinda lango waliyecheza pamoja Middlesbrough, awe msaidizi wake. Miaka miwili baadaye wawili hao walihamia Derby County, timu ya daraja la pili. Walimshawishi Dave Mackay, kiungo mkongwe wa Tottenham aliyedhaniwa kuwa ameshamaliza safari yake, wakamrudisha nyuma katika ulinzi ili awaongoze vijana. Derby ilipanda daraja mwaka wa 1969, na mwaka wa 1972 ikatwaa ubingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mwaka uliofuata ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya na kushindwa na Juventus. Oktoba 1973 wote wawili walijiuzulu. Mwenyekiti wa klabu alikuwa amechoshwa na maneno ya Clough magazetini na katika televisheni, naye Clough hakuwa mtu wa kuambiwa afunge mdomo. Wachezaji waliandamana kumtetea, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Ndipo ikaja Leeds United, na hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu siku zile arobaini na nne za mwaka wa 1974 zinamweleza Clough kuliko makombe yake yote. Leeds walikuwa mabingwa. Aliyewajenga, Don Revie, alikuwa mzaliwa wa Middlesbrough kama Clough, na Clough alikuwa amemshambulia hadharani kwa miaka, akidai kuwa timu yake ilicheza kihuni. Sasa akakabidhiwa wachezaji wale wale. Badala ya kubisha hodi aliingia kwa teke. Aliwaambia kwamba medali zao zote wangezitupa pipani kwa kuwa walizipata kwa udanganyifu. Katika mechi sita za ligi walishinda moja. Wachezaji hawakumtaka, wakurugenzi wakamfuta, na Uingereza nzima ikacheka.

Wasimulizi wengi huliona tukio hili kuwa kisa cha kiburi kilichoadhibiwa. Naona wanaruka jambo moja. Taylor hakwenda Leeds. Alibaki Brighton, klabu waliyokuwa wameihamia baada ya Derby. Maneno makali yale yale ambayo kule Derby yaliwaamsha vijana, Leeds yaliwatusi wanaume waliokwisha kushinda kila kitu, na hapakuwa na mtu chumbani wa kumnong'oneza Clough kwamba, bwana, hawa si wale. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Januari 1975 alikwenda Nottingham Forest, timu ya kawaida kabisa ya daraja la pili. Kwa mwaka mmoja na nusu, peke yake, aliiweka katikati ya jedwali. Taylor alimfuata Julai 1976. Mwaka wa 1977 Forest ilipanda daraja, na mwaka wa 1978 ikawa bingwa wa Uingereza. Mwaka wa 1979, jijini Munich, iliishinda Malmö bao moja kwa bila na kutwaa Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya, na mwaka wa 1980, jijini Madrid, ikalihifadhi kombe hilo kwa kuilaza Hamburg kwa idadi iyo hiyo. Ni klabu iliyowahi kuwa bingwa wa Ulaya mara mbili na bingwa wa nchi yake mara moja tu! Kati ya Novemba 1977 na Desemba 1978 ilicheza mechi 42 za ligi bila kushindwa. Mashabiki wa Arsenal, ambao hapa kwetu hawahesabiki, wanajua ni nani aliyeivunja rekodi hiyo. Huenda hawajui kwamba waliivunja Agosti 2004, na mwenye rekodi akafariki dunia Septemba ya mwaka huo huo.

Je, alifanyaje? Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kutega sikio. Clough hakuwa mtu wa michoro ubaoni. Taylor alikuwa na jicho la kumtambua mchezaji aliyedharauliwa. Clough alikuwa na kauli ya kumbadilisha. Winga John Robertson alikuwa mzito, mvutaji sigara, asiye na mbio. Walimkuta akielekea kutupwa, wakamwamini, na ndiye aliyempigia Trevor Francis krosi iliyozaa bao la Munich, na ndiye aliyefunga lile la Madrid. Kenny Burns alikuwa mshambulizi mwenye sifa ya ugomvi. Walimgeuza beki, na mwaka wa 1978 waandishi wa michezo wakamchagua kuwa mwanakandanda bora wa mwaka. Maagizo yalikuwa mafupi: pokea mpira, mpe mwenzako aliyevaa jezi kama yako, usibishane na refa. Kuhusu mipira ya juu juu alikuwa akisema kwamba Mungu angalitaka kandanda ichezwe mawinguni angaliotesha nyasi huko. Katika sentensi hiyo moja mna falsafa nzima ya uchezaji, na hata mtoto angeielewa. Wengi wetu tunaoandika tasnifu hatujafikia ufasaha huo.

Viv Anderson, ambaye Novemba 1978 alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea timu kuu ya taifa ya Uingereza katika mechi kamili, amesimulia jinsi watazamaji wa Carlisle walivyomrushia matunda akiwa kijana anayepasha misuli pembeni mwa uwanja. Alirudi kuketi. Clough alimwamuru atoke tena, na amletee mapeasi mawili na ndizi moja. Kisha alimweleza kwamba akiwaruhusu watu wa aina hiyo kumrudisha kitini hatafika popote. Kisa hiki hupendwa mno, nami nakipenda.

Lakini ulimi hauna mfupa. Mwaka wa 1981 Forest ilimnunua Justin Fashanu kutoka Norwich kwa pauni milioni moja, mchezaji wa kwanza mweusi nchini humo kugharimu kiasi hicho. Alikuwa na umri wa miaka ishirini. Clough alipopata habari kwamba kijana huyo alionekana katika vilabu vya mashoga, alimhoji kwa kejeli, akamtenga na wenzake, na hatimaye akawaita polisi wamwondoe uwanja wa mazoezi. Fashanu alijiua mwaka wa 1998. Sidai kwamba Clough ndiye aliyesababisha kifo hicho; kuna miaka mingi na mambo mengi kati ya hayo mawili. Nadai tu kwamba yeyote anayesimulia kisa cha mapeasi bila kukisimulia hiki anatudanganya. Hata msomaji mwenye msimamo mkali kuhusu maisha ya Fashanu na ajiulize ni kiongozi wa namna gani anayemfanyia kijana aliyekabidhiwa mambo hayo. Clough mwenyewe, uzeeni, alikiri kwamba alimkosea.

Kuna na Hillsborough. Tarehe 15 Aprili 1989 Forest ilikuwa ikicheza na Liverpool nusu fainali ya Kombe la FA pale mashabiki wa Liverpool waliposongamana hadi kufa. Waliopoteza maisha wamehesabiwa kuwa 97. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1994 Clough aliwalaumu mashabiki wa Liverpool wenyewe. Baadaye alikubali kwamba alipotoshwa, na mwaka wa 2016 jopo la uchunguzi wa vifo hivyo liliamua kwamba mashabiki hawakuwa na hatia. Ila maneno yale yalikuwa yameshachapishwa, na familia zilizofiwa zilikuwa zimeshayasoma.

Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba ukali na ufanisi wake vilikuwa kitu kimoja, eti ukitaka makombe sharti uvumilie matusi. Ukali ulikuwepo Derby, ulikuwepo Leeds, ulikuwepo Forest. Kilichobadilika ni aliyekuwa ubavuni mwake. Naam, mtu anaweza kunijibu kwamba baada ya Taylor kustaafu mwaka wa 1982 Clough bado alitwaa Kombe la Ligi mwaka wa 1989 na 1990, na kwamba alimpata Roy Keane kutoka klabu ndogo ya Ireland. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo ubingwa haukurudi, Kombe la Ulaya halikurudi, na pombe ilizidi. Mwaka huo wa 1989 aliwapiga kwa mkono watazamaji walioingia uwanjani, yeye aliyewakataza wachezaji wake hata kumnung'unikia refa.

Wawili hao waligombana mwaka wa 1983, Taylor, aliyekuwa amesharejea kazini Derby, alipomchukua Robertson bila kumwarifu Clough. Clough alimshambulia magazetini kwa maneno ambayo adui hangeyastahili, sembuse rafiki. Hawakuzungumza tena. Taylor alifariki Oktoba 1990. Clough alihudhuria mazishi, na miaka minne baadaye akamtabarukia kitabu kile kile nilichokitaja.

Mjini Nottingham kuna sanamu ya Clough iliyozinduliwa mwaka wa 2008, mikono imeinuliwa, yuko peke yake, na wageni hupenda kupigwa picha hapo. Ile ya Derby, ya mwaka wa 2010, ina watu wawili. Kama ningepata nauli ya kwenda kuiona moja tu, ningekwenda Derby.