Kadi Adimu na Kodi ya Nyumba

Kijana wa Kayole au Umoja jijini Nairobi, aliyezoea kuunda kila wiki kikosi chake cha kubuni cha Ligi Kuu ya Uingereza, akitamani tijara ya kadi za kidijitali za wanasoka za Sorare, kampuni iliyoasisiwa Ufaransa mwaka 2018, ambayo kwa msimu humtolea kila mwanasoka kadi 1 tu ya daraja la juu kabisa na 100 za ile iitwayo adimu, na afahamu kwamba uadimu si dhamana: goti la mwanasoka likiteguka, thamani ya kadi hutoweka. Basi amnunue barobaro kabla hajathibiti kikosini, amwuze angali aking'ara, wala asiguse, nalisema kwa uchungu wa mzazi, fedha za kodi ya nyumba au karo ya nduguye.