Damu Nyingi Si Hofu

Wenzangu bwenini hushindana kuhesabu maiti. Sinema yenye maiti wengi, wasema, ndiyo nzuri. Mimi nakataa.

Itazameni "A Quiet Place: Day One" ya mwaka 2024. Madude yasiyoona yaishukia New York, nayo huwinda kwa masikio. Apigaye kelele amekwisha. Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, ni mgonjwa wa saratani ambaye siku zake zi karibu kwisha. Watu wote wakimbilia mashua, yeye ashika njia ya Harlem na paka wake kutafuta piza, kwa kuwa baba yake alikuwa akimpeleka huko utotoni. Mwenzangu mmoja alicheka, ati afa kwa ajili ya piza! La, kifo alikuwa nacho tayari. Alilobakiwa nalo ni kuchagua njia ya kupita.

"Alien: Romulus" ya mwaka huo huo ina mate na damu tele, nami kabla ya kulala nilikuwa nimewasahau wote (isipokuwa Andy, yule mtu wa mashine).

Muhula ujao tukiulizwa tena tutazame nini, nitaomba "Godzilla Minus One" ya Wajapani, ya mwaka 2023. Wenye kuhesabu maiti na wahesabu. Mimi nitamtazama yule rubani aliyeogopa kufa vitani.